Shajara ya mradi: nyumba inayoitikia hodi

Jumatatu, 3 Juni 2024

Tumeanza rasmi leo. Tuko wanne, tuna chumba kimoja cha kupanga Mji Mkongwe, miwani mbili za Quest 2, kompyuta moja ya kazi nzito na jenereta ndogo ya kuazima. Kazi yetu ni kujenga kwa uhalisia pepe, yaani dunia ya kompyuta ambayo mtu huingia kwa kuvaa miwani hizo, nyumba moja ya kale ya Unguja, kuanzia barazani hadi ukumbini, ili mwanafunzi wa Makunduchi au Pemba ambaye hajawahi kuingia nyumba ya namna hii aingie, na mzee aliyezaliwa ndani yake aingie tena na kuitambua.

Hilo la mzee ndilo linalonikosesha usingizi. Mgeni ataridhika na mlango wa nakshi na mwanga mzuri. Aliyekulia humu anazo kumbukumbu kwenye nyayo na viganja, na hizo hazidanganyiki kwa picha.

Haraka yetu ina sababu. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020. Tukio lile kila mtu alilisikia. Nyumba ndogondogo nazo huanguka, kimyakimya, masika baada ya masika. Tumepima tatu kwa idhini ya wenyewe, na nyumba yetu itakuwa mchanganyiko wa hizo tatu, ili asiwepo mtu wa kuona chumba cha mamake kimeanikwa hadharani.

Jumatano, 12 Juni

Wiki nzima tumekuwa na mlango. Tumeupiga picha zaidi ya mia sita kutoka kila pembe, tukaziunganisha kwa fotogrametria, mbinu ya kugeuza picha kuwa umbo la kompyuta, tukapata mlango wa pembetatu milioni nne, vipande vidogo vinavyounda umbo hilo. Kwenye kioo cha kompyuta unaona hadi alama za patasi. Tukauweka kwenye miwani, ikawa inakokota fremu, yaani picha mpya, ishirini na kitu kwa sekunde, na ukigeuza kichwa mlango unakufuata kama umelewa.

Mwenzangu aliyeuchonga kwenye kompyuta kwa siku sita hakutaka kuupunguza hata kidogo. Namwelewa. Lakini hapa sikukubali kushindwa, kwa sababu jambo hili limeshapimwa. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliwasimamisha watu kando ya shimo refu la kuigiza na kupima mapigo ya moyo. Shimo lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni idadi ya fremu. Kwa fremu 30 mioyo iliruka zaidi kuliko kwa fremu 15. Moyo haukuwa unatazama uzuri wa shimo. Ulikuwa unapima kama dunia inageuka sawasawa na kichwa.

Miwani yetu inataka angalau fremu 72 kwa sekunde, maana yake kila picha ina chini ya milisekunde 14 za kuchorwa. Tumeushusha mlango hadi pembetatu elfu sitini, na nakshi tumezirudisha kwa ujanja wa mwanga na vivuli juu ya ubao bapa. Ukiusogelea hadi pua iguse, unaona umekuwa laini kuliko inavyostahiki. Ukiwa hatua mbili nyuma, umesimama imara, hautetereki. Nimechagua uimara, na nitaendelea kuuchagua.

Alhamisi, 20 Juni

Tumerudi kazini baada ya Idi, na leo boriti zimetutatulia tatizo ambalo lilikuwa linatuumiza kichwa.

Kijana wa kwanza kujaribu nyumba alitembea kwa kusukuma kijiti cha mkononi. Dakika ya tatu akavua miwani, jasho la baridi usoni, kichefuchefu. Macho yalimwambia anatembea, masikio ya ndani yanayopima mwendo yakamwambia amesimama, na mwili ukichanganyiwa habari namna hiyo huitikia kama umekula sumu. Njia ya kawaida ni kumrusha mtu kutoka kituo hadi kituo: anaelekeza mkono, giza kidogo, anajikuta upande wa pili. Tumbo linatulia, lakini hakuna mtu anayeingia nyumba ya watu kwa kuruka hewani. Tulijaribu, ukumbi ukageuka picha za ukutani.

Jioni nikiwa natazama vipimo nikaona kilichokuwa mbele yetu siku zote. Nyumba hizi dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri iliyonyooka haifiki mbali. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba, upana wake chini ya mita tatu au karibu na hapo. Chumba chetu cha kazi kina upana wa mita tatu na nusu. Ukumbi wa kale unaingia ndani yake mzimamzima.

Kwa hiyo tumeondoa kijiti. Tumehamisha meza, tumepanga baraza, mlango na ukumbi vifuatane ndani ya nafasi tuliyonayo, na mtu atatembea kwa miguu yake mwenyewe. Nimejaribu mara nne leo. Kuna tofauti ambayo siwezi kuieleza vizuri kwa asiyewahi kuvaa, ila ni hii: ukifika ukutani unapunguza mwendo bila kufikiri.

Jumatatu, 1 Julai

Leo tumemkaribisha mzee mmoja, fundi chokaa mstaafu, aliyekuwa akikarabati nyumba hizi tangu ujana wake. Tumemvalisha miwani, akasimama barazani kwa muda, kimya. Mimi nikawa nasubiri aseme kuhusu mlango.

"Saa ngapi hapa?" akauliza.

"Saa kumi, mzee. Mwezi huuhuu."

"Siyo. Baraza hili linatazama kusini. Saa kumi ya kipupwe hapa pana kivuli, tukikaa kucheza bao. Nyinyi mmetia jua la Disemba. Na kivuli changu kifupi, kinasema saa saba."

Nilikwenda kuhesabu baada ya yeye kuondoka, na ana haki kwa yote mawili. Unguja iko kama nyuzi sita kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana linapita upande wa kaskazini, linainama karibu nyuzi 30 kutoka utosini, na nyumba inalifunika baraza lake yenyewe. Disemba linahamia kusini na baraza linachomwa. Sisi tulikuwa tumeliacha jua pale lilipokuwa kwenye mfano tulioupakua. Urefu wa kivuli nao: mtu wa mita 1.70, saa sita mchana ya Juni ana kivuli cha karibu mita moja. Alasiri inaingia pale kivuli kinapofikia urefu wa kitu chenyewe kujumlisha kile kivuli cha mchana, yaani kama mita 2.67. Chetu kilikuwa hakifiki hata mita moja na robo. Watu ambao maisha yao yote sala imepangwa kwa kivuli wanasoma jua bila kutazama saa.

Kisha akauliza ndege gani wanalia. Sauti za mtaani tulizichukua mtandaoni bure, na kwa nyuma kulikuwa na ndege wa msitu wa Ulaya wakiimba kwa utulivu. Mimi nimezisikiliza wiki tatu sikuwasikia. Yeye amewasikia kwa dakika moja. Mji Mkongwe bila kunguru ni mji wa mahali pengine.

Sauti zote tunazitupa. Tunarekodi upya.

Ijumaa, 5 Julai

Nimeamka alfajiri na kukaa barazani na rekoda ya maiki nne hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa tisa unusu alasiri. Rekoda hii inachukua sauti ya pande zote kwa pamoja, mbinu iliyoanza kuundwa Uingereza miaka ya 1970, na mtu akigeuza kichwa ndani ya miwani sauti zinabaki mahali pake.

Kitu bora nilichopata ni muuza kahawa. Unamsikia kabla hujamwona. Anagonganisha vikombe viwili vidogo mkononi, kling-kling, kling, dele la mkaa mkono wa pili. Uchochoro unairudisha ile sauti kutoka kuta mbili, hujui kama yuko mbele au nyuma, hadi apinde kona na mara sauti yote inakuwa moja, iko kulia kwako. Nilimwomba ruhusa nimrekodi, akarudi nyuma akapita tena mara tatu bila kudai kitu. Tulimnunulia kahawa yake mwenyewe, vikombe sita.

Katika miwani, muuza kahawa haonekani kabisa. Anapita nyuma ya kona, basi. Watu wanne tuliowajaribu leo, wote wanne wamegeuza shingo.

Na tumesahihisha kosa jengine: sauti ya mtaa ilikuwa ileile ndani na nje. Ukuta wa nusu mita wa mawe ya matumbawe na chokaa unanyamazisha mji. Sasa ukivuka kizingiti mtaa unabaki mlangoni, na unasikia pumzi yako.

Jumanne, 9 Julai

Leo nimejifunza jambo kubwa kuliko yote tangu tuanze, na nimejifunza kwa kushindwa.

Amekuja bibi mmoja, jirani ya mwenzetu, kazaliwa na kuolewa Mji Mkongwe. Tulikuwa tumejiandaa: jua liko kaskazini, kunguru wapo, fremu 72 hazipungui. Akavaa. Akatembea hadi mlangoni, mlango uko nusu wazi kama tulivyoupanga ili mtu aingie. Hakuingia. Akasimama pembeni kidogo, si katikati, kama mtu anayejali asichungulie ndani.

"Hodi!"

Kimya. Sisi tukatazamana.

"Hodi!"

Mwenzangu akafungua mdomo amwambie aingie tu. Nikamzuia kwa mkono, sijui kwa nini.

"Hodi jamani, wenyewe!"

Akasubiri. Kisha akageuka, akarudi hatua tatu, akavua miwani na kunikabidhi. "Hawapo, mwanangu," akasema. "Nimepiga hodi mara tatu."

Alikuwa sahihi. Hodi ni tatu, usipoitikiwa unaondoka. Mafunzo hayo kila mtoto wa hapa kayapata. Tumejenga nyumba ambayo mwenye adabu hawezi kuingia.

Usiku huu nimerudi kwenye makala ya mtafiti wa uhalisia pepe, Mel Slater, ya mwaka 2009, ambayo nimekuwa nikiitaja kwa wenzangu bila kuishika barabara. Anatenganisha vitu viwili. Cha kwanza ni hisia kwamba uko mahali fulani, ingawa unajua hupo. Hiyo inaletwa na picha na sauti kufuata mwili wako. Cha pili ni hisia kwamba yanayotokea yanatokea kweli. Hiyo inaletwa na mahali penyewe kukujua, kukujibu, kufuata desturi unazozitarajia. Mwezi mzima tumekuwa tukishughulikia cha kwanza. Bibi alikuwa pale kabisa, hata akapiga hodi. Nyumba ndiyo haikuwa pale.

Alhamisi, 18 Julai

Siku tisa za kuitafutia nyumba sauti.

Kwanza tulijaribu programu ya kutambua maneno. Neno "hodi" likisemwa na mzee mwenye sauti ya chini, au mtoto mwenye aibu, inalikosa, na ikilikosa mara tatu tumerudi kulekule. Tumeliacha. Sasa tunapima kitu rahisi: mtu amesimama ndani ya mita moja na nusu ya mlango, uso umeelekea ndani, na maiki imesikia sauti ya mtu. Kikohozi nacho kinahesabika. Nilidhani hilo ni kasoro, mpaka shangazi wa mwenzetu aliposema kwamba wanaume wa zamani walikuwa wakikohoa mlangoni makusudi, wajulishe kuwa wapo. Tumekiacha kikohozi.

Shangazi huyohuyo ndiye sauti ya nyumba. Tulimwandikia "Karibu!" tu. Akasoma, akaweka karatasi chini. "Hamna mtu anayejibu hivyo bila kujua nani," akasema. "Kwanza unauliza." Kwa hiyo sasa ni hivi: hodi, kimya kidogo, ndara zinaburuzwa juu ghorofani, kisha kwa sauti ya mbali, "Nani?" Mtu anajibu chochote, na kila mtu anajibu "Mimi." Halafu, karibu zaidi, "Haya, karibu ndani, pita."

Ule ukimya ndio umetuchukua siku nyingi. Jibu likija papo hapo, unahisi umebonyeza kitufe. Likichelewa sekunde tano, mtu anapiga hodi ya pili juu ya jibu na yote yanavurugika. Ndara zianze baada ya sekunde moja, "Nani?" baada ya mbili na nusu. Ndara ndizo zinazofanya kazi kubwa, kwa sababu mtu akishasikia kuna anayetembea, yuko tayari kusubiri.

Mwenye nyumba mwenyewe hatumwonyeshi. Tulikuwa na mwili wa kuigiza wa mama wa makamo, umetengenezwa vizuri, na kila aliyemwona alirudi nyuma. Mjapani Masahiro Mori aliandika mwaka 1970 kwamba sura inayokaribia binadamu bila kufika hutia watu baridi, na ndivyo ilivyokuwa. Sasa kuna pazia la mlango wa ndani, linacheza kidogo, na sauti nyuma yake. Mgeni asiye wa nyumba hatarajii kuona zaidi ya hapo.

Jumatatu, 22 Julai

Umeme umekatika mara tano. Tumepoteza rekodi ya jikoni. Kesho tunaanza upya.

Ijumaa, 2 Agosti

Baraza limekuwa la kweli. Seremala ametupigia la mbao, kimo sentimita 45, urefu mita mbili, na yule mzee fundi chokaa ametupaka lipu ya chokaa juu yake kwa mkono wake, akalisugua hadi likawa kama lile la nje. Limewekwa pale hasa lilipo baraza la ndani ya miwani, sentimita kwa sentimita. Watafiti wa lile shimo la North Carolina waliweka ubao mwembamba sakafuni, watu wausikie ukingo kwa nyayo, na hofu ikazidi. Sisi hatutaki hofu, tunataka mtu akae.

Mwanafunzi wa kwanza alilikaribia kwa wasiwasi, akanyoosha mkono, akagusa. Akakaa. Kisha, na hili nimeliona kwa karibu kabisa, akapitisha kiganja ubavuni mwake, taratibu, mbele na nyuma, kama anavyofanya mtu kwenye baraza lililokaliwa na wengi. Ndani ya miwani kiganja chake kilikuwa kinapita juu ya chokaa ileile anayoigusa. Mikono tulikuwa tumeshaibadilisha rangi: ile iliyokuja na programu ilikuwa ya kijivu, na watu walikuwa wakiitazama kama glavu. Sasa mtu anachagua rangi ya ngozi kabla ya kuanza, na hajali tena kuitazama.

Mambo mawili madogo ambayo si madogo. Miwani inaacha upenyo kando ya pua, hasa kwa pua zetu nyingi, na mwanga unaingia kwa chini. Mtu anaona vigae vya ofisi pembezoni mwa nyumba ya kale. Tumeongeza kizuizi cha sponji nyeusi. Na ushungi: mikanda inauvuta nyuma, pini inachoma, mwanamke anatumia nusu ya muda wake akishika kichwa. Tumeshona vitambaa vya pamba vya kuvaa chini ya mkanda, vinafuliwa kila baada ya mtu mmoja, na tumeweka pazia na saa maalumu ambapo wote chumbani ni wanawake. Mtu mwenye wasiwasi na mwili wake hawezi kuwa mahali pengine.

Jumatano, 14 Agosti

Bibi amerudi. Nilimwendea mwenyewe nyumbani kumwomba, maana sikutaka aliyoyaona mara ya kwanza yabaki ndiyo nyumba yetu.

Nilikuwa nimechapa hojaji ya maswali ishirini, kama vitabu vinavyoagiza: kutoka moja hadi saba, ulihisi uko pale kiasi gani. Slater aliwahi kuandika, mwaka 2004, kwamba hojaji pekee haziwezi kuthibitisha hisia hiyo, kwa kuwa swali lenyewe linaweza kuizaa. Leo sikuhitaji kuambiwa.

Akasimama pembeni ya mlango, palepale.

"Hodi!"

Ndara zikaburuzika juu.

"Nani?"

"Mimi," akasema bibi, kisha akaongeza jina lake la utotoni, ambalo sisi hatukulijua.

"Haya, karibu ndani, pita."

Akainama. Nikadhani ameteleza, nikasogea kumshika. Alikuwa anavua ndara zake. Akazipanga ubavuni mwa kizingiti ambacho hakipo, mbili pamoja, vidole vikielekea nje, akavuka.

Nyayo zikagusa vigae vya ofisi, vya baridi. Nikamwona anasita, kidole gumba kikipapasa. "Mmetoa mikeka?" akauliza, bila kuniuliza mimi, alikuwa anauliza lile pazia.

Hojaji imebaki kwenye droo. Kesho asubuhi naenda Darajani kutafuta mikeka miwili ya ukili, mita mbili kwa tatu, na mwenzangu anaichora ukumbini jioni hiyohiyo. Mikeka ikishawekwa tutarekodi tena hatua, kwa sababu nyayo tupu juu ya ukili zina mlio wake, na shangazi ameahidi kuja Jumamosi. Anasema bibi ameuliza swali, kwa hiyo lazima ajibiwe.